Vichupa Vitatu vya Nongphai

Kapteni Oudone wa polisi alikwenda maabara ya Vientiane, mji mkuu wa Laos, kugongewa muhuri tu. Hakutumwa kuuliza, wala kupeleleza. Kanali alimwambia vivyo hivyo, kijiti cha meno kikiwa bado mdomoni: "Nenda, wagonge, rudi. Mwendesha mashtaka anataka karatasi yenyewe, si picha ya simu."

Karatasi ya majibu ilikuwa na mistari minne. Watu watatu wa nyumba moja, kijiji cha Nongphai, homa kali na kuchanganyikiwa. Damu zao zimesomwa vinasaba. Hakuna kimelea kilichoonekana katika kichupa chochote. Basi. Kwa kuwa hakuna kimelea, wakubwa wakasema ni sumu. Kwa kuwa ni sumu, lazima awepo mtia sumu. Na kwa kuwa Bibi Buakeo, mchimba mizizi wa kijijini, ndiye aliyewapikia hao watatu dawa ya homa, leo alikuwa na siku ya tatu selo. Ndivyo wenye vyeo wanavyohesabu: moja, mbili, mtu ndani.

Kapteni alikuwa amemhoji bibi huyo mwenyewe. Alimkuta amekunja miguu sakafuni kama yuko kwake.

"Niliwapa mabakuli matatu, la nne nikanywa mimi," bibi alisema. "Kama ni sumu basi nimeshakufa, na wewe afande unaongea na mzuka. Huogopi?"

"Siogopi."

"Basi na mzuka haukuogopi. Andika hivyo."

Aliandika hivyo. Kanali akasoma, akakata mstari kwa kalamu nyekundu.

Wawili kati ya wale watatu walikuwa wamekufa. Khamsing alikufa tarehe kumi na saba, mdogo wake Sengphet tarehe kumi na tisa. Wa tatu, Malaythip, mke wa Khamsing, alikuwa angali hai katika hospitali ya wilaya, haongei, anatiririshiwa maji ya mshipani na kunyweshwa mkaa wa kunyonya sumu. Daktari Mkuu alikwisha agiza asipewe dawa ya bakteria: karatasi imesema hakuna bakteria. Ile mistari minne ilikuwa imemfunga mwanamke mmoja na kumwacha mwingine afe taratibu. Kapteni Oudone aliyajua hayo yote, na akaenda kugongewa muhuri.

Maabarani alivua viatu mlangoni kama kawaida. Mwenye mashine aliitwa Chansamone, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele kazibana kwa kalamu. Mashine ilikuwa juu ya meza, ndogo kama rimoti ya televisheni, imechomekwa kwenye kompyuta.

"Ndiyo hii?"

"Ulitarajia nini, afande? Trekta?"

"Nilitarajia kitu kikubwa. Imeshanifungia bibi kizee."

Chansamone hakutania tena. Alichukua karatasi, akaisoma, akavuta muhuri karibu.

"Ngoja," Kapteni akasema. "Nieleze inafanyaje. Nitaulizwa mahakamani."

"Vipimo vingine unaviuliza: je, ni malaria? Vinajibu ndiyo au siyo. Hii huiulizi kitu. Damu ukiitayarisha ukaiweka hapa, inasoma kila kilicho hai kilichoacha chembe zake humo. Bakteria, virusi, na mtu mwenyewe. Halafu sisi tunalinganisha na orodha, tunajua hiki ni cha nani na kile cha nani."

"Na humu ilisoma nini?"

"Hakuna kimelea, si umeona?"

"Hicho ni ulichokikosa, dada. Mimi nauliza ulichokiona."

Akamtazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina la babu yake wa tatu. "Vipande milioni kumi na mbili. Karibu vyote vya binadamu. Hivyo tunavitupa, sheria haituruhusu kuchungulia mtu. Na kulikuwa na..." Akasita.

"Na?"

"Kuna kirusi kimoja kinakaa kwenye damu za watu wengi, hakimdhuru mtu. Kilikuwamo vichupa vyote vitatu. Kimefanana herufi kwa herufi."

"Mbona hakimo kwenye karatasi?"

"Mkubwa wangu alisema ni uchafu wa mashine. Akaniambia futa."

"Kichupa kilichosomwa kabla ya hivi vitatu kilikuwa nacho?"

"Hapana."

"Na cha baadaye?"

"Hapana."

"Basi mashine ilichafuka kwa vichupa vitatu, kisha ikaenda kuoga."

Chansamone aliuachia muhuri. Kapteni Oudone alifungua daftari lake. Hakuwa amesoma hata darasa la tisa, na mambo ya vinasaba aliyasikia leo. Lakini kuhesabu watu alijua. Polisi ukifika penye tukio, kitu cha kwanza unahesabu waliopo.

"Wawili ni wanaume, mmoja ni mwanamke," alisema. "Mashine inaweza kuona hilo?"

"Inaweza. Ila nimekwambia, lile fungu la binadamu..."

"Mmelitupa?"

"Linakaa siku thelathini, ndipo linafutwa. Lakini siruhusiwi kulifungua."

"Sikuombi jina la mtu. Nakuomba unihesabie wanaume."

Chansamone alivuta kiti, akaanza kubonyeza. Kazi ilichukua muda wa mtu kunywa kahawa mbili, na Kapteni alizinywa zote mbili. Mara kalamu ikatoka kwenye nywele za Chansamone, zikamwagika, hakuzijali.

"Hakuna mwanaume humu," alisema. "Kichupa cha kwanza hakuna. Cha pili hakuna. Watatu wote ni wanawake."

"Ndugu?"

"Kuna sehemu mtu anairithi kwa mama yake tu. Naangalia." Akaangalia. "Afande, huyu si ndugu na mwenziwe. Huyu ni mtu mmoja. Vichupa vitatu, mwanamke mmoja."

"Kwa hiyo damu ya Khamsing hukuipima."

"Sikuipima."

"Wala ya Sengphet."

"Wala." Akaweka mkono juu ya kibodi, hakubonyeza. "Labda ni ya yule aliye hai. Malaythip. Walichukua yake, wakaigawa mara tatu."

"Kama ni yake, basi kweli hana kimelea, na wamekunywa sumu."

"Na kama si yake?"

"Basi hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepimwa," Kapteni alisema. "Usigonge muhuri. Nipe kichupa kipya na sanduku la barafu."

*

Tiketi ya ndege ya kwenda alikatiwa na Kanali. Ya kurudi Kanali alisahau. Alipanda basi, akafika mji wa Pakse, kusini, alfajiri mgongo umekakamaa, na saa mbili asubuhi alikuwa hospitali ya wilaya. Kwanza alikwenda wodini. Malaythip alikuwa anapumua. Midomo imepasuka, mikononi nyuzi nyeupe za kuitiwa roho, zinazofungwa mgonjwa ili roho zake zisitoke tena, zimeshaanza kuwa kijivu. Hakuwa na mtu wa kumuuguza. Kwao ni mbali, mkoa wa kaskazini, na upande wa mume walikuwa na misiba miwili.

Daktari Mkuu Bounkhong alimpokea ofisini, kwenye kiti kinachozunguka. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa picha: Daktari Mkuu na waziri, Daktari Mkuu na wageni, Daktari Mkuu na gari jipya.

"Muhuri umepata, Kapteni?"

"Bado. Nani alitoa damu za Nongphai?"

"Fomu si unayo? Sahihi ni yangu."

"Naiona sahihi. Nauliza mkono ulioshika sindano."

"Mimi nilisimamia kazi yote."

"Tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, ulikuwa Nongphai?"

"Nilikuwepo, ndiyo. Wagonjwa wa namna ile siwezi kuwaachia watoto."

Kapteni alinyanyua kidole, akaonyesha ukutani, juu ya bega la kulia la Daktari Mkuu. Palikuwa na picha mpya, fremu yake bado ina karatasi ya dukani. Daktari Mkuu kashika mkasi, anakata utepe wa ukumbi mpya wa mikutano. Juu ya mlango kitambaa kirefu, na tarehe kwa maandishi makubwa: kumi na nne.

Kiti kilizunguka, kikarudi.

"Sherehe ilikuwa fupi," Daktari Mkuu akasema.

"Nongphai ni mwendo wa saa mbili kwa barabara ile."

"Sikiliza, Kapteni. Kama kuna kosa dogo la uandishi, muulize nesi. Vilay ndiye alikwenda. Mimi nasaini kwa sababu lazima mkubwa asaini."

"Ndiyo," Kapteni alisema. "Nimeona kazi ya mkubwa ilivyo nzito."

*

Nesi Vilay alikuwa nyuma ya wodi, kwenye baraza ya kuanikia mashuka, anakunja shashi. Mwanamke wa miaka arobaini na tano hivi, mabega mapana. Kikapu cha wali wa kunata kilikuwa wazi pembeni yake, haujaguswa.

"Dada Vilay."

"Afande. Kula kwanza."

Aliketi, akafinya tonge, akachovya kwenye pilipili ya samaki wa kuvundika. Mtu akikukaribisha ukakataa, hakwambii kitu.

"Tarehe kumi na nne mlikwenda wangapi Nongphai?"

"Watatu. Mimi, dereva, na yule wa kupuliza dawa ya mbu."

"Hao wawili ni wanaume."

"Tangu wazaliwe."

"Mashine ya Vientiane inasema vichupa vyote vitatu ni damu ya mwanamke mmoja. Kuna waliodhani ni ya Malaythip."

Alikunja kipande kimoja, akakiweka juu ya vingine, akanyoosha kingo. "Si ya Malaythip."

"Ya nani?"

Akakunja kingine. "Yangu."

Kapteni hakuandika. Alimega tonge la pili, akasubiri.

"Tulifika saa nne," Vilay alianza. "Asubuhi ile ile walikuwa wamewaitia roho zao. Mayai, pombe, wali, vyote bado viko mkekani. Nyuzi zimejaa mikononi mpaka karibu na viwiko. Mzee, baba yake Khamsing, akasimama mlangoni. Akasema, siku tatu hakuna wa kuwatoboa wanangu. Roho zimerudi leo, hazijakaa bado. Ukifungua ngozi zinatokea hapo hapo. Wewe ungefanyaje?"

"Ningerudi siku ya nne."

"Ndivyo nilivyosema. Nikampigia Daktari Mkuu. Kwake maikrofoni zinapiga kelele, watu wanapiga makofi. Akaniambia, usirudi bila vichupa vitatu, sanduku linaondoka na ndege ya mchana, wizara inahesabu. Akakata."

"Ungemlazimisha mzee."

"Kaka, wewe umezaliwa wapi?" Ndiyo mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nimchome mtu sindano, nyuzi zake bado mbichi, mbele ya baba yake? Nikatoka. Nikaenda nyuma ya ghala la mpunga. Nikajifunga mpira, ncha moja mkononi, nyingine kwenye meno. Nikajaza vitatu. Nikaandika majina."

"Hukufikiri yatakayotokea."

"Nilifikiri vizuri sana. Miaka sita napeleka vichupa. Damu za watoto wa shule, mate ya popo, kinyesi cha kuku. Hata karatasi moja haijarudi hapa. Tuna msemo wetu humu wodini: damu ikienda Vientiane, imekwenda kutalii. Nilijua zinahesabiwa tu, kama magunia ya mpunga. Sikujua kuna mtu anazisoma."

Upepo ulipeperusha shuka. Vilay alilishika, akalibana tena.

"Ulimwambia nani?"

"Daktari Mkuu. Siku aliyokufa Khamsing. Nikamwambia zile damu ni zangu mimi, hawa wameshaletwa hapa, siku tatu zimeisha, tuwatoe damu nyingine leo leo. Sengphet alikuwa hai. Alikuwa anaomba supu."

"Akasemaje?"

"Akasema, ukitoa ya pili, ya kwanza tutaielezaje? Kaa kimya, tungoje majibu. Yakija mabaya tutaona." Akaguna. "Yakaja mazuri."

"Mazuri kwa nani?"

"Kwangu, kaka. Nimepimwa mara tatu na mashine kubwa ya serikali. Sina ugonjwa hata mmoja."

Kapteni alifunga kikapu cha wali.

"Majibu ya mke wangu yalirudi," alisema. "Siku arobaini baada ya kuuchoma mwili wake. Yalikuwa na muhuri mzuri, wa bluu. Simama, dada. Chukua mpira na sindano."

*

Damu ya Malaythip ilitoka nyeusi na polepole. Vilay aliitoa kwa mkono usiotikisika, Kapteni ameshika kichupa. Kapteni aliandika jina mwenyewe, akaweka saa: tatu na dakika kumi na moja. Hapo ndipo Daktari Mkuu alipotokea mlangoni.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya polisi. Ni ushahidi."

"Mgonjwa wangu si ushahidi."

"Basi mtibu. Mwanzishie dawa ya bakteria sasa hivi, majibu yatamkuta njiani."

"Bila karatasi?" Daktari Mkuu aliinua mikono kama aliyeambiwa avue nguo. "Ninayo karatasi inayosema hakuna bakteria. Nikimpa dawa, halafu akafa, nani atajibu?"

"Na usipompa, akafa?"

"Karatasi itajibu."

Ufunguo wa kabati la dawa alikuwa nao yeye, mfukoni, pamoja na wa gari. Kapteni hakubishana. Alikwenda uwanja wa ndege na sanduku mapajani, akalikabidhi kwa mkono, akampigia Chansamone: imepanda. Kisha akarudi, akaketi kwenye benchi nje ya wodi. Mchana Malaythip alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Jioni mkojo ulipungua. Vilay alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba.

Simu iliingia kesho yake saa nne na nusu asubuhi.

"Mzee wangu," Chansamone alisema, sauti ya mtu asiyelala. "Vipande kumi na saba."

"Kati ya vingapi?"

"Milioni kumi na tano. Kumi na saba tu, lakini vyote vinaangukia mdudu mmoja, sehemu mbalimbali za mwili wake, kwa hiyo si uchafu. Nimerudia mara mbili. Na kile kirusi cha vile vichupa vingine hakimo. Huyu ni mtu mwingine kabisa."

"Mdudu gani?"

"Bakteria wa homa ya vichaka. Analetwa na utitiri wa porini, mdogo huwezi kumwona. Waulize kama walifyeka msitu."

Kapteni hakuhitaji kuuliza. Alikuwa nayo ukurasa wa tatu wa daftari: wiki mbili kabla ya homa, wote watatu walifyeka kichaka cha nyuma ya mto, wapande mihogo. Kanali aliusoma ukurasa huo. Hakuukata kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa hakuona una kazi gani.

"Dawa yake?"

"Doksi. Zile kapsuli za kawaida, zimejaa kila duka. Na wamtafute kigaga cheusi mwilini, kama ameunguzwa na sigara. Hukaa panapobana nguo. Harakisheni."

Picha ya majibu ilifika kwenye simu. Daktari Mkuu aliitazama kwa mbali, miwani kaisogeza juu ya paji.

"Hii ni picha," alisema. "Niletee yenyewe, yenye muhuri."

"Itafika kesho kutwa."

"Basi kesho kutwa tutaanza. Mimi sifanyi kazi kwa picha za simu, Kapteni, nina utaratibu."

Vilay alikuwa amesimama nyuma yao, amesikia yote. Alivuka barabara na sare yake, akaingia duka la dawa la ng'ambo linalouza pia betri na kamba za viatu, akarudi na kapsuli za doksi ndani ya mfuko wa plastiki. Akafungua mbili, akakoroga unga kwenye maji, akaupitisha kwenye mpira wa puani. Daktari Mkuu aliangalia mpaka maji yakaisha.

"Utaandikiwa barua," alimwambia.

"Iandike kwa wino mzuri, daktari. Nisaidie kumgeuza."

Hakumsaidia. Kapteni ndiye aliyeshika mabega. Vilay alilegeza sketi ya mgonjwa, akashusha ukingo wake kidogo, na hapo kiunoni, chini kabisa ya mshipi, palikuwa na kigaga. Cheusi, mviringo, kikubwa kama punje ya mahindi, pembeni pekundu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila lazima awepo wa kufunua nguo. Siku nane Malaythip alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, na waganga wenye shahada walipita wakasoma karatasi iliyoning'inia miguuni pake.

"Khamsing naye alikuwa nacho?" Kapteni aliuliza.

"Sijui," Vilay alisema. "Hatukumgeuza."

*

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Bibi Buakeo alifunguliwa bila kuombwa radhi. Alidai mfuko wake wa mizizi, akaambiwa umepotea, akamwambia askari wa zamu kwamba akiumwa tumbo asimfuate. Kapteni aliandika ripoti, kurasa kumi na moja, kila jina mahali pake na kila saa mahali pake, pamoja na simu ya tarehe kumi na nne na maneno ya tarehe kumi na saba. Kanali aliipima mkononi, akasema ni ndefu, akaiweka kwenye droo. Daktari Mkuu alikwenda semina. Barua ya Nesi Vilay ilikuja na dereva: asimamishwe kazi kuanzia mwisho wa wiki, kwa kughushi sampuli. Ilikuwa kweli. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaendelea na zamu.

Siku ya pili ya dawa homa ilishuka. Alasiri, Malaythip alifungua macho, yakatulia. Akaomba maji. Vilay alimnyanyua kichwa, akanywa, akakohoa, akanywa tena. Kapteni alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua maelezo ya shahidi, kwa kuwa faili lilihitaji kufungwa.

"Nimelala siku ngapi?" Malaythip aliuliza. Sauti kama karatasi.

"Nyingi," Vilay alisema. "Umepona lakini. Umepona, mwanangu."

"Khamsing yuko wapi?"

Vilay alichukua kikombe, akaona bado kina maji, akakirudisha.

"Naye si alikuwa anaumwa? Ameshatoka? Mbona haji?"

Daktari wa zamu alichungulia, akasikia swali, akasema ana mgonjwa wodi ya wazazi. Mzee wa Nongphai alituma habari kwamba atakuja matanga yakiisha. Kapteni alivuta kiti cha plastiki, akaketi karibu na kitanda, kofia magotini.

"Mimi ni Kapteni Oudone, wa polisi," alisema. "Khamsing amekufa. Na Sengphet amekufa."

Malaythip alimtazama. Uso haukubadilika. Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la chakula, gurudumu moja bovu.

"Lini?"

"Khamsing tarehe kumi na saba, saa tisa na robo alasiri. Kitanda kile cha dirishani. Sengphet tarehe kumi na tisa, asubuhi, saa kumi na mbili."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

Akageuza kichwa polepole. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine, mama mnene anakula papai.

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita."

Vidole vyake vilitembea juu ya shuka, vinahesabu. Vikafika saba, mwisho wa siku za kukaa na maiti, vikapita.

"Wameshamchoma."

"Wameshamchoma."

"Alivaa nini?" Malaythip aliuliza. "Walimvisha shati gani?"

Kapteni Oudone alitoa daftari. Alianza ukurasa wa kwanza, akapekua mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mpaka wa mwisho ulioandikwa, halafu akaendelea kupekua kurasa nyeupe. Shati halikuandikwa.